Bangili za Mbuzi

Saa tatu asubuhi mashine ilitoa shauri lake. Somoe Kindamba alilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuliamini.

Kimbunga Namba Tisa kikiachwa kiende kinakotaka, kitapiga Kilwa saa moja jioni. Waliomo jijini: laki tatu. Watakaokufa: mia tatu na arobaini. Kikipindwa, kitapiga Delta ya Rufiji. Waliomo: sifuri. Watakaokufa: sifuri. Shauri: kipindwe.

"Sifuri!" alisema Shaweji kutoka kiti cha pili, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu alfajiri. "Alhamdulillahi. Weka kidole, Somoe, tumalize."

Somoe hakuweka kidole. Aliikodolea macho ile sifuri.

Kituo chao kilikuwa juu ya kilima cha Kilindoni, kisiwani Mafia, na pwani nzima ilikichukia. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Baharini, kutoka Mafia hadi mbele ya Kilwa, yalielea maboya elfu tisa, na chini ya kila boya lilining'inia bomba la mita mia mbili. Mabomba hayo ndiyo yaliyoitwa mikingo. Kimbunga hula joto la bahari, hakina chakula kingine. Ukiyafungua mabomba ya upande mmoja, yakavuta maji baridi kutoka chini na kuyamwaga juu, kimbunga kinaukimbia ule ubaridi na kuelemea upande wa pili. Maji yalihitaji saa sita kupoa vya kutosha, kwa hiyo uamuzi wa Namba Tisa ulikuwa na mwisho wake: saa sita mchana, basi. Na hakuna aliyewahi kukiua kimbunga. Wanachofanya ni kukisukumia kwa jirani, na kazi ya kituo, ukiondoa maneno matamu ya kwenye vipeperushi, ilikuwa kumtafuta jirani asiyekuwepo nyumbani.

Jirani alitafutwa kwa bangili. Kila mtu wa pwani aliyetimiza siku arobaini alivishwa ukanda mwembamba usioharibiwa na maji wala moto, unaosikiliza joto la mwili na mapigo ya moyo. Kwenye skrini, kila bangili ilikuwa nukta. Mashine ilihesabu nukta, ikashauri. Kidole cha mtu kiliweza kukubali shauri au kulikataa, lakini hakikuweza kubuni la kwake.

"Unangoja nini?" Shaweji alisema. Sauti yake ilishaanza kuwa na miba. "Mke wangu na watoto watatu wako kimbilio namba saba. Nimeziona nukta zao. Unajua nilivyobishana na yule mwanamke? Mwaka jana walikwenda kujificha, vibaka wakalisafisha duka lote, hawakuacha hata kiberiti. Mwaka huu akaapa haondoki. Nikamwambia, usipoonekana kimbilioni utalipa faini ya kuuza hilo duka. Ndipo akaenda. Sasa nimepata raha ya moyo, na wewe umekaa kimya."

"Nataka droni moja," Somoe alisema. "Naipeleka delta."

"Delta kuna nini? Mashine imesema sifuri!"

Somoe alikuwa amekwisha simama.

*

Delta kulikuwa na mama yake.

Miaka kumi na mitano nyuma, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamishia watu wa delta nyanda za juu, kwenye Makazi ya Kilimani. Ikawajengea nyumba za matofali na kuwawekea sharti: nyumba itakayokaa tupu siku saba inarudi serikalini. Watu walihamishwa. Mashamba hayakuhamishwa. Udongo mweusi unaootesha mpunga ulibaki kule kule kwenye visiwa vya delta, na mpunga haukubali kulimwa kwa barua. Kwa hiyo kila mwaka, tangu Januari hadi mavuno, Kilimani yote ilishuka kwenda kuishi madunguni kama walivyoishi babu zao. Dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu za mikoko, katikati ya shamba. Unapika humo na kulala humo, na kutwa nzima unafukuza ndege, na usiku nguruwe.

Na zile siku saba? Hapo ndipo Somoe alipojifunga kamba mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi, amerudi likizo. Mama yake, Bi Havijawa, alimuuliza bangili inasikiliza nini hasa. Somoe akajibu kwa maringo ya msomi: joto na mapigo. Kuku moyo wake unakwenda mbio mno, ng'ombe taratibu mno, ila mbuzi, akasema akicheka, mbuzi moyo wake unalingana na wa binadamu. Akaivua bangili yake akaifunga kwenye mguu wa mbuzi, iwe mzaha. Kesho yake wakaangalia, na nyumba ilionyesha mtu mmoja, mzima wa afya. Mama yake hakucheka. Msimu uliofuata mbuzi wote wa Kilimani walikuwa na bangili, na wenye bangili walikuwa delta wakipalilia.

Miaka kumi na miwili Somoe alijua, akanyamaza, akapandishwa cheo. Sasa daftari lote la bangili lilikuwa mikononi mwake, lenye mbuzi elfu moja mia nane na kumi na wawili walioandikwa majina ya watu anaowajua.

Droni ilivuka mlango wa bahari kwa dakika kumi na tano. Kwenye skrini ndogo Somoe aliyaona madungu: moja, saba, thelathini, yasiyohesabika, kila moja na moshi wake wa chai. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Akaishusha mbele ya dungu analolijua, na jiwe la kombeo likagonga mkono wa droni hadi ikayumba.

"Toka kwenye mpunga wangu!" Bi Havijawa alisimama kwenye ngazi ya dungu, kanga imefungwa kiunoni, kombeo mkononi, tayari na jiwe la pili.

"Mama, ni mimi. Somoe."

"Somoe wangu ana miguu. Akinitaka anakuja."

"Mama, nisikilize. Kimbunga kinakuja. Jioni hii. Waambie watu watoke."

Bi Havijawa aliteremsha kombeo, lakini uso wake haukulegea hata kidogo. "Kila mwaka mnatuambia kimbunga, na kila mwaka mnakipinda. Kipindeni. Si ndiyo kazi mnayolipiwa?"

"Safari hii kinapindiwa kwenu."

Mama yake aligeuza kichwa. Nyuma yake, ndani ya dungu, mtoto alikuwa akilia, na mwanamke akimbembeleza. Upepo ulikuwa bado mdogo, lakini maji ya mto yalishabadilika rangi.

"Nani ametuchagua?"

"Mashine. Inaona delta haina watu. Inaona mbuzi, mama. Inadhani ninyi mko Kilimani."

"Mashine haijui jina langu," Bi Havijawa alisema polepole. "Wewe unalijua."

"Tokeni basi! Pandeni mitumbwi..."

"Mitumbwi mizima ni minne tu. Mto umejaa tangu juzi. Ukianza sasa na watoto na wazee, utafika nchi kavu kesho, kama utafika. Unasema tokeni kama vile tumekaa sebuleni."

"Basi nitawaambia ukweli wakubwa zangu. Kwamba mko huku."

Hapo ndipo mama yake alipopandisha sauti, na Somoe, aliyekuwa ng'ambo ya bahari, akarudi nyuma hatua moja. "Thubutu! Useme, halafu? Watuchukulie nyumba zote? Watu wazima wafungwe kwa udanganyifu uliowafundisha wewe? Tumekaa hapa na mafuriko, na simba, na njaa. Wewe kipinde kwingine, na ufunge mdomo wako!"

"Hakuna kwingine, mama. Ni ninyi au Kilwa."

Bi Havijawa alitazama moja kwa moja kwenye kioo cha droni. Midomo yake ilitikisika, na kwa mara ya kwanza Somoe aliona kwamba mama yake anaogopa. Halafu mzee yule akaweka jiwe kwenye kombeo, akalizungusha, na skrini ikawa nyeusi.

*

Mkurugenzi Mapunda aliingia saa tano na nusu. Alikuwa mtu wa milimani Songea, hakuipenda bahari hata kwa macho, na meza yake aliiweka ikitazama ukuta.

"Nimeambiwa kuna mtu ameharibu droni ya serikali na hajaweka kidole," alisema. "Nataka kusikia lililo zito kuliko jiji zima."

Somoe alimwambia. Alimwambia yote kwa mfululizo, bangili, mbuzi, madungu, mama yake, asije akapata nafasi ya kujionea huruma. Alipomaliza, Shaweji alikuwa wa kwanza kusema.

"Ile hadithi ya mbuzi. Uliyonisimulia kantini. Ulisema ni ya vijiji vya huko mbali, zamani."

"Nilikudanganya."

"Nilikwenda nikamsimulia mke wangu. Tulicheka mpaka machozi." Alimtazama kwa chuki iliyokuwa mpya kabisa. "Umekaa nasi miaka yote hii na uchafu huo mfukoni, leo ndio unautoa? Leo?"

"Sina habari na mbuzi," Mapunda alisema. "Naona nukta elfu moja mia nane na kumi na mbili, ziko Kilimani, zina afya njema. Nithibitishie."

Kilimani kulikuwa na king'ora. Kiliendeshwa kutoka kituoni. Somoe alikuza ramani ya makazi hadi nukta zikaonekana moja moja, zimetawanyika malishoni, akakibonyeza king'ora kwa sekunde tatu.

"Binadamu akisikia king'ora," alisema, "mmoja anakimbilia mlangoni kwake, mwingine anamfuata mtoto, wa tatu anatoka nje kuuliza kuna nini. Tazama hawa."

Nukta zote zilishtuka kwa pamoja, zikatimka upande mmoja kwa pamoja, zikafika kwenye uzio, zikasimama. Mapigo yalipanda yote mara moja. Kisha, baada ya muda mfupi, zikageuka zote na kutulia, na moja moja zikaanza kurudi kula. Hakuna hata moja iliyoingia ndani ya nyumba.

Mapunda alitazama mpaka mwisho. Alitoa kitambaa akajifuta shingo. Aliamini, Somoe alimwona akiamini, na ndiyo maana maneno yaliyofuata yalimchoma zaidi.

"Sikuona kitu. Kisheria mtu ni bangili. Palipo na bangili ndipo alipo. Watu wa delta walitaka nyumba mbili, wakaidanganya serikali, wakajifuta wenyewe kwenye ramani. Kilwa kuna bandari, kuna gesi, kuna hospitali tatu, kuna watu laki tatu waliotii wakaenda kujificha walipoambiwa. Niwaadhibu waliotii ili niwaokoe waongo?" Akageuka. "Dada huyu amejiondoa kazini. Shaweji, wewe ni msaidizi wake. Weka kidole."

Shaweji alitazama kidole chake. Alikuwa mtu mwema, Somoe alilijua hilo. Msiba wowote wa kituo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini alikuwa na watoto watatu kimbilio namba saba. Akasogeza kiti.

Somoe alimtangulia kwa sababu alikuwa amekaa karibu na daftari, hakuna zaidi. Kulikuwa na kanuni moja ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuitumia: mtu ambaye bangili yake haimo mwilini mwake, na hajulikani alipo, ahesabiwe yuko penye hatari kubwa kuliko zote. Alizichagua nukta zote za Kilimani. Mashine ikamuuliza kama ana hakika kwamba hawa si watu. Aliiona Kilwa, watu mia tatu na arobaini wasio na sura, ambao asubuhi hii wamekunywa chai, na jioni watakufa kwa sababu ya kidole chake. Hakujidanganya kwamba ni mashine itakayowaua. Akathibitisha, akaandika jina lake chini ya kosa, na namba yake ya kazi.

Mashine ilifikiri kwa sekunde nne. Delta, waliomo: elfu moja mia nane na kumi na wawili. Watakaokufa: elfu moja na mia sita. Shauri: kisipindwe.

Kidole cha Shaweji kilishuka kwenye kioo, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa ngumi. Kioo kilibaki chekundu.

"Fungua!" alipiga kelele. "Rudisha! Somoe, rudisha!"

"Hairudi. Kikithibitishwa daftarini hakifutiki, unajua."

"Umewaua watu wangu uwaokoe wako!"

"Wako wamo ndani ya zege, Shaweji! Wangu wamo juu ya miti!"

Saa ya ukutani ilifika saa sita. Mikingo elfu tisa, isiyofunguliwa hata mmoja, ilijikomea yenyewe.

Mapunda aliokota kalamu yake. "Kesho Kilimani yote inarudi serikalini," alisema bila kupandisha sauti. "Nyumba, mbuzi, kila kitu. Watu wako wakitoka huko matopeni watakuta makufuli, na nitahakikisha wanajua ni nani aliyewachoma. Wewe polisi watakuja kukuchukua bahari ikitulia. Mpaka hapo utakaa kwenye kiti hicho na kutazama ulichokifanya."

*

Wakakaa. Hakukuwa na mahali pa kwenda, nje mvua ilishaanza kupiga madirisha kwa ubavu. Shaweji alihamisha kiti chake mbali, akampa Somoe mgongo. Mara kwa mara alikuza picha ya kimbilio namba saba, akazigusa nukta nne kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kimbilio lilijengwa mlimani nyuma ya jiji, kuta za zege nene, halina dirisha. Mlango wake ulijihesabia wenyewe bangili zinazoingia. Hakuwekwa mlinzi, serikali iliona hamna haja.

"Mia tatu na ishirini," Shaweji alisema, si kwa Somoe. "Mtaa mzima wa Sokoni wamo. Hawatafikwa na kitu."

Somoe alimwonea huruma na alimwogopa, na alimwomba Mungu kwamba mashine iwe imekosea, mia tatu na arobaini wawe mia, wawe kumi.

Saa nane mchana Kilwa walipiga king'ora cha mwisho. Kwenye skrini kilionekana kama duara jekundu tu, linapanuka juu ya jiji.

Ndani ya kimbilio namba saba nukta zilishtuka kwa pamoja. Zikatimka upande mmoja kwa pamoja, mia tatu na ishirini, zikafika ukutani, zikasongamana, zikasimama. Mapigo yalipanda yote mara moja. Kisha zikageuka zote na kutulia.

Shaweji hakupiga kelele. Alibaki amenyoosha kidole juu ya kioo, hapo zilipokuwa zile nukta nne. Somoe alielewa kila kitu kwa mkupuo, duka lililoibiwa, faini, kicheko cha mume na mke, na mke akiisimulia hadithi tamu kwa majirani zake wa Sokoni. Na ile mia tatu na arobaini ilikuwa imehesabiwa kwa nukta kama hizi. Makimbilio ya Kilwa yalikuwa zaidi ya mia tisa. Hakuthubutu kuyafungua mengine.

"Ifungue mikingo," Shaweji alisema kwa sauti ndogo.

"Ni saa nane."

"Najua ni saa ngapi. Ifungue."

"Maji hayapoi tena, Shaweji. Hayawezi."

Shaweji alichukua simu, akapiga. Iliita mara moja tu, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani, changamfu, ya mtu anayejitahidi kusikika juu ya kelele.

"Baba Zaituni! Usiwe na wasiwasi, sisi tuko kimbilioni tangu jana. Watoto wazima, wanakula."

Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kikigonga, kinatulia, kinagonga tena kwa nguvu zaidi. Kila mtu wa pwani anaijua sauti hiyo. Ni bati lililong'oka msumari mmoja.

Mapunda aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa. Somoe alifunga macho, akayafungua.

"Mama Zaituni," Shaweji alisema. "Hicho kinachogonga ni nini?"

Mwanamke hakujibu. Bati liligonga. Mtoto aliuliza kitu, akanyamazishwa.

"Sikugombezi," Shaweji alisema. "Wallahi sikugombezi. Wachukue watoto, ingieni chini ya kaunta. Vuta magunia ya unga, yapangeni mbele yenu. Mshike Zaituni mkono, na Zaituni awashike wadogo zake. Usikate simu. Ongea na mimi."

Akaendelea kuongea naye, kwa upole, kuhusu magunia, kuhusu kaunta, kuhusu fundi aliyeitengeneza na ubao mzuri alioutumia. Somoe hakuwa na pengine pa kuweka macho isipokuwa kwenye skrini. Ndani ya kimbilio namba saba, nyuma ya zege nene, mapigo yalikuwa yameshuka, na nukta mia tatu na ishirini zilikuwa zimelala kando ya ukuta, salama salimini.